Maji Safi na Salama: Mbona Maneno Mawili?

Tunayatamka pamoja kila siku, "maji safi na salama", mpaka masikio yanayapokea kama neno moja. Hayakuunganishwa kwa ajili ya kupamba hotuba. Maji yanaweza kuwa safi na yasiwe salama, na maswali mengi yanayoulizwa kuhusu maji ya kunywa yanazaliwa hapo.

Maji yangu yanang'aa, hayana harufu wala ladha mbaya. Niogope nini?

Jicho halimwoni bakteria, na ulimi nao hudanganya. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa wa Soho, London. Daktari John Snow alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikuwa wakichota maji wapi, na majibu mengi yakaelekea kwenye pampu moja ya Broad Street. Maji ya pampu hiyo yalikuwa yakisifiwa kwa utamu. Mjane mmoja aliyekuwa akiishi Hampstead, mbali na hapo, aliyapenda kiasi kwamba aliletewa chupa yake kila siku. Kipindupindu kilimfuata huko huko kikamuua. Baadaye iligundulika kwamba shimo la kinyesi lilikuwa umbali wa hatua moja hivi kutoka kisima hicho, na kuta zake zilikuwa zinavuja.

Mkono wa pampu uling'olewa tarehe 8 Septemba. Ukweli usemwe, wagonjwa walikwisha kuanza kupungua, maana watu wengi walikuwa wameukimbia mtaa. Lakini hoja ya Snow ilisimama, wakati madaktari wengi wa siku zile bado walidhani ugonjwa huo unaletwa na hewa yenye uvundo.

Maabara wanaona nini ambacho mimi sikioni?

Hawatafuti kila kimelea kinacholeta ugonjwa, maana ni vingi mno na kila kimoja kina kipimo chake. Wanamtafuta shahidi. Bakteria aitwaye E. coli huishi ndani ya utumbo wa binadamu na wanyama wenye damu moto. Akipatikana kwenye maji, basi kinyesi kimefika humo, na kilichofika na kinyesi hakijulikani.

Kazi yenyewe ni ya mikono zaidi kuliko watu wanavyodhani. Chupa ya sampuli hutakaswa kwanza. Kama maji yana klorini, ndani ya chupa huwekwa dawa kidogo ya kuizima, la sivyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani na majibu yatoke ya uongo. Kisha mililita 100 za maji hupitishwa kwenye kiwambo cheupe, chepesi kama karatasi, chenye vitundu vya mikromita 0.45. Maji yanapita, bakteria wanabaki juu. Kiwambo hulazwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, kikafungiwa ndani ya kabati la joto la nyuzi 44 usiku kucha. Asubuhi, yule ambaye jana hakuna jicho lingemwona amezaana mpaka amekuwa kidoa unachoweza kukihesabu kwa ncha ya kalamu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni kwamba E. coli asionekane kabisa katika mililita 100. Kidoa kimoja tu, maji yameanguka mtihani.

Hapa niseme jambo linaloniudhi. Cheti cha kipimo kilichobandikwa ukutani miaka mitatu hakisemi lolote kuhusu maji yaliyotoka bombani asubuhi hii. Mvua moja kubwa inaweza kubadilisha kila kitu.

Nikichemsha, si yamekwisha?

Kwa vimelea, ndiyo. Yakishatokota kwa nguvu, dakika 1 inatosha. Ukiwa nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000 hivi, yape dakika 3, kwa kuwa huko maji hutokota kabla hayajafikia nyuzi 100. Kuyaacha jikoni nusu saa ni kuchoma nishati bure.

Kwa kemikali, hapana. Maji yanapotokota mvuke unaondoka na madini yanabaki, kwa hiyo ukichemsha sana unayaongeza makali. Hata sumu za mwani ule wa kijani unaotanda juu ya mabwawa yaliyojaa mbolea na majitaka haziondoki kwa kuchemsha.

Kemikali zipi hizo?

Aseniki ndiyo inayofundisha zaidi. Kuanzia miaka ya 1970 nchini Bangladesh vilichimbwa visima vingi sana vya bomba ili watu waachane na maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua watoto kwa kuhara. Nia ilikuwa njema na vimelea vilipungua kweli. Mwaka 1993 ikathibitishwa kwamba maji ya visima hivyo yana aseniki, ambayo haikumwagwa na kiwanda chochote. Ilikuwa ardhini tangu zamani. Haina rangi wala harufu. Kwa miaka, huweka madoa kwenye ngozi, hufanya viganja na nyayo kuwa migumu yenye vinundu, na huongeza hatari ya saratani ya ngozi, mapafu na kibofu. Wapimaji walipopita vijijini walipaka pampu rangi: nyekundu usinywe, kijani kunywa. Kiwango cha WHO ni mikrogramu 10 kwa lita.

Floraidi nayo hutoka kwenye miamba, hasa maeneo kama Bonde la Ufa la Afrika Mashariki na sehemu za India na China. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita huanza kuchafua meno ya watoto wakati yanajengeka ndani ya fizi. Ikizidi sana kwa miaka mingi hukakamaza mifupa. Mkaa wa mifupa huinasa vizuri. Tatizo ni kwamba mkaa huo hujaa baada ya muda, na chujio lililojaa linatoa maji yanayong'aa vilevile kama jipya, hivyo asiyepima hawezi kujua.

Naitreti hutoka kwenye mbolea, samadi na vyoo. Ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo: damu hushindwa kubeba oksijeni na midomo hugeuka buluu. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja.

Mtamboni wanayasafishaje?

Jaribio moja dogo linaeleza karibu kila kitu. Kabla ya kuamua kiasi cha dawa, fundi hupanga vyombo sita vya kioo, anavijaza maji ya mto yenye tope, na kila kimoja anakitia kipimo tofauti cha shabu. Anakoroga kwa kasi dakika moja, halafu polepole sana. Dakika chache haionekani kitu. Kisha kwenye chombo kimojawapo yanajitokeza mavumbi, yanashikana yawe kama vipande vidogo vya pamba vinavyoelea, vinazidi uzito, vinashuka. Juu panabaki maji angavu. Chembe za tope zina chaji ya umeme inayozifanya zikimbiane, na shabu huizima chaji hiyo. Chombo kilichotiwa shabu kidogo kinabaki na tope, na kilichozidishiwa nacho kinaweza kuvurugika. Ndiyo maana fundi hurudia jaribio mto unapobadilika rangi.

Mabonge yakishatuama, maji hupitishwa kwenye mchanga. Mchanga wa kasi hunasa mabaki tu. Mchanga wa taratibu hufanya zaidi, kwa sababu juu yake huota utando wa viumbe hai wanaowala vimelea. Ukiusugua utando huo kwa bidii ya usafi umejinyima kinga kwa siku kadhaa.

Klorini huja mwisho, maana tope huila klorini na kuwaficha bakteria nyuma yake.

Hiyo klorini yenyewe si sumu?

Inategemea kiasi. Lengo la kawaida ni kubakiwa na miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa, na angalau 0.2 maji yanapofika kwa mtumiaji. WHO inaruhusu hadi 5. Ni kweli klorini ikikutana na mabaki ya majani hutengeneza kemikali ambazo watafiti wanazifuatilia, lakini hatari yake ni ndogo ukilinganisha na ya kunywa maji yasiyotiwa dawa. Harufu kidogo ya klorini mimi huichukulia kama habari njema.

Lakini si mwarobaini. Mwaka 1993 mjini Milwaukee, Marekani, watu wapatao 400,000 waliugua kuhara kutokana na maji ya bomba. Kimelea kiitwacho Cryptosporidium kina ganda ambalo klorini hailipenyi. Kilipaswa kunaswa na mchujo, na mchujo ndio uliolegea.

Mbegu za mlonge je? Na kuanika maji juani?

Mlonge ni kweli: protini ya mbegu zake hukusanya tope karibu kama shabu. Ila huacha mabaki yanayolisha bakteria, kwa hiyo bado utahitaji kuchemsha au kutia dawa, na maji hayo yasilazwe siku nyingi.

Jua nalo hufanya kazi kwenye chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, yenye maji yasiyo na tope: saa 6 za jua kali, au siku 2 kukiwa na mawingu.

Majitaka yananihusu nini mimi ninayekunywa maji ya bomba?

Majitaka ya mtu mmoja huishia kwenye chanzo cha maji cha mwingine. Ili kujua yamechafua kiasi gani, sampuli huwekwa gizani kwa nyuzi 20 kwa siku 5, kisha hupimwa oksijeni iliyoliwa na bakteria. Uchafu mwingi hula oksijeni nyingi, na mto ukikosa oksijeni samaki hufa. Njia ya kupuliza hewa ili bakteria wale uchafu ndani ya mtambo badala ya mtoni ilionyeshwa Manchester mwaka 1914, na bado inatumika. Mjini Windhoek, Namibia, tangu 1968 majitaka husafishwa mpaka yakarudishwa kwenye maji ya kunywa. Wengi hukunja uso wakisikia hivyo, ingawa maji hayo hupimwa kuliko visima vyetu vingi.

Wingi wa maji nao hugusa ubora. Visima vya pwani vikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia chini kwa chini, na chumvi ikishaingia kuitoa huchukua miaka.

Kisima kimepimwa, kiko salama. Mbona watoto bado wanaharisha?

Kwanza mtoto: mpe maji ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini (ORS), na umpeleke kituo cha afya, hasa akiwa mnyonge, hawezi kunywa au ana damu kwenye choo. Kisha ndoo. Ukiacha chakula na mikono isiyonawa, maji huchafuka sana kati ya kisima na kikombe: kata iliyolazwa sakafuni, vidole vinavyozama wakati wa kuchota, ndoo yenye mdomo mpana. Chukua sampuli mbili siku moja, moja kisimani na nyingine kwenye chombo cha nyumbani. Ya kwanza ikitoka bila kidoa na ya pili ikajaa, usihangaike na mchimba kisima. Sugua chombo, tia dawa, na utafute chenye kifuniko na koki.