Shufflebottom: jina la bonde, si la makalio

Dhana: Babu wa kwanza wa ukoo wa Kiingereza uitwao Shufflebottom alijulikana kwa kutikisa makalio akitembea.

Ukweli: Hapo jina la kale linasomwa kwa Kiingereza cha leo, ambamo "shuffle" ni kuburuta miguu na "bottom" ni makalio. Shufflebottom limetokana na mahali, Shipperbottom, karibu na Bury, katika Lancashire ya zamani, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1285 mahali hapo paliandikwa Schyppewallebothem. Jina lina vipande vitatu: kondoo, chemchemi, na chini ya bonde. Yapo majina mengine ya aina hiyohiyo: Longbottom ni bonde refu, na Ramsbottom ni mji mzima.

"Bottom" kwa maana ya makalio ilianza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 18, miaka 500 hivi baadaye. Neno lilitoka kitako cha chungu likafika kitako cha mtu. Waswahili hilo halitupi shida kulielewa.

"Shipper" ikawaje "Shuffle"? Watu walihama, na karani wa parokia ya mbali, asiyewahi kukisikia kijiji hicho, aliandika alichosikia. P ikalegea ikawa f, r ikawa l, kisha sikio likajaziliza kwa neno linalolifahamu.

Dhana: Shufflebotham ni tahajia iliyobuniwa na walioona haya.

Ukweli: Huenda haya iliwafanya baadhi yao waipende, lakini th imo tangu 1285.

Dhana: Tahajia tofauti, ukoo tofauti.

Ukweli: Hapa ndipo watafiti wengi hukwama. Rejista za parokia zilianza 1538, na mtu mmoja angeweza kubatizwa kwa tahajia hii na kuzikwa kwa ile. Usitegemee Soundex, ule mfumo wa kutafuta majina yanayosikika sawa, unaobakiza herufi ya kwanza na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu tatu. Shufflebottom, Shufflebotham na Shovelbottom hupata S141, lakini Shipperbottom ni S161 na Shoebottom ni S135, kwa hiyo hizo mbili hazitaonekana kamwe. Andika Sh*bot* kwenye kisanduku cha kutafutia. Nyota husimama badala ya herufi zozote, nawe utazipata zote tano. Kisha punguza kwa parokia na miaka, ukianzia na usajili wa serikali ulioanza Julai 1837 na kurudi nyuma. Tahajia iwe kitu cha mwisho kukufanya umkatae mtu.

Dhana: Shoebottom lilikatwa na karani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji huko New York.

Ukweli: Makarani wa kituo hicho, kilichofunguliwa 1892, walihakiki orodha za abiria zilizokwisha andikwa na kampuni za meli bandarini walikotoka. Waliobadili majina kwa kawaida walijibadilishia wenyewe, wakishatulia.

Na ile ngao ya ukoo inayouzwa kwenye vikombe? Uingereza ngao hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake. Jina pekee halikupi haki nayo.