Soksi Zote Mbili: Dhana Potofu Kuhusu Masomo ya Tiba ya Miguu

Anayeingia chuo cha tiba ya miguu, yaani podiatria, hupewa pole kabla hata hajafungua daftari. "Miaka yote hiyo kwa ajili ya kukata kucha?" Nimeulizwa swali hilo na ndugu, na majirani, na hata na wanafunzi wa udaktari tuliokaa nao meza moja maktaba. Siku hizi haliniudhi. Linaloniuma ni kwamba baadhi ya wanafunzi wetu wenyewe huingia na dhana hiyo kichwani, wakajiandaa kwa kliniki ambayo haipo: wananoa mikono, wanasahau macho na masikio.

"Ni kazi ya kucha na sugu"

Kucha na sugu zimo, na sioni aibu kuzishika. Lakini kuanzia kifundo kwenda chini, mguu mmoja una mifupa 26 na maungio 33. Chukua yote miwili, una mifupa 52, kama robo ya mifupa 206 ya mtu mzima. Huko ndiko mbali zaidi na moyo, na mishipa ya fahamu inayofika huko ni mirefu kuliko yote mwilini. Kwa hiyo kisukari, kuziba kwa mishipa ya damu na magonjwa ya maungio mara nyingi huanza kujionyesha miguuni. Mtu amekuja kulalamikia kucha, kumbe habari kubwa iko kwenye damu.

Urefu wa masomo unatokana na hayo. Marekani, shahada ya udaktari wa miguu ni miaka 4 baada ya masomo ya awali ya chuo kikuu, kisha miaka 3 ya mafunzo hospitalini, upasuaji ukiwemo. Miaka miwili ya mwanzo ni anatomia, fiziolojia, patholojia na elimu ya dawa, na hufuatiwa na sehemu ya kwanza ya mtihani wa kitaifa. Uingereza njia ni nyingine: shahada ya miaka 3, Uskochi 4, yenye takriban saa 1,000 za kliniki ndani yake, na jina la kazi linalindwa na sheria. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kujiita mtaalamu wa podiatria.

"Soma nadharia kwanza, mkono utajifunzia kliniki"

Dhana hii ndiyo iliyowaponza wengi niliosoma nao. Walipiga msuli usiku kucha, wakafaulu mitihani, kisha siku ya kwanza ya kushika wembe mbele ya mgonjwa jasho likawatiririka hadi kwenye glavu.

Kupunguza sugu ni ufundi unaoanza wiki nyingi kabla ya mgonjwa. Unachukua mpini nambari 3, unapachika wembe nambari 10 au 15 kwa koleo, si kwa vidole. Unaushika kama kalamu. Kidole cha mwisho kinaegemea mguu wa mgonjwa, ili akishtuka, mkono wako uende na mguu wake badala ya kubaki nyuma na wembe. Mkono wa pili unaiwamba ngozi kama ya ngoma, na daima unakaa pembeni, kamwe si mbele ya makali. Sisi tulianzia kwenye mche wa sabuni: kazi ilikuwa kutoa utando mwembamba kiasi cha kuona mwanga ukipita, mmoja baada ya mwingine, bila kuacha shimo. Mwezi wa kwanza, uliochoka ulikuwa mkono wangu wa kushoto, ule wa kuwamba, ambao hakuna aliyekuwa amenionya juu yake.

Na tusidanganyane kuhusu watu "waliozaliwa na mikono myepesi". Mkono unaotetemeka mara nyingi ni mkono usioegemea popote. Keti, egemeza kiganja, pumua, na nusu ya tetemeko huondoka.

"Aliyejiandaa ni aliyepanga vifaa"

Niliamini hivyo. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mwenye kisukari, aliyekuja kwa sababu ya sugu chini ya mguu wa kulia. Trei yangu ilikuwa imepangwa kwa mstari ulionyooka. Nikamwambia, "Mzee, naomba uvue kiatu cha kulia." Akavua. Nikapapasa mapigo, nikatazama ngozi, nikajaza fomu.

Mwalimu akaja, akaisoma fomu yangu akiwa amesimama, akauliza neno moja: "Na wa kushoto?"

"Huo hauna shida," mzee akajibu kabla yangu. "Hauumi kabisa, mwanangu."

Soksi ya kushoto ilinata ilipokuwa ikivuliwa. Kwenye ncha ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati. Mwalimu akaingiza mkono ndani ya kiatu taratibu, akatoa kijiwe. Mzee akakitazama kiganjani mwa mwalimu kama kitu cha mtu mwingine. Hakujua kilikuwamo tangu lini.

Sikugusa wembe siku hiyo. Kidonda kilisafishwa na mwalimu, kikapimwa kina, mzee akapelekwa kwa timu ya vidonda vya kisukari mchana uleule, na mimi nikaandika fomu upya toka mwanzo.

"Mguu usiouma ni mzima"

Neno la mzee yule, "hauumi kabisa", wanafunzi wengi hulipokea kama habari njema. Kwa mwenye kisukari ni la kukutia shaka. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyewatibu wagonjwa wa ukoma India na baadaye Marekani, alionyesha kwamba vidole na nyayo za wagonjwa wake havikuwa vikioza vyenyewe. Vilikuwa vikijeruhiwa kidogo kidogo kila siku kwa sababu maumivu, ambayo ndiyo mlinzi, yalikuwa yamezimika. Kisukari huwazimia watu wengi mlinzi huyohuyo.

Kwa hiyo kipimo cha hisia hakifanywi kwa haraka ya kujaza fomu. Uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10 unagusishwa kwenye ngozi hadi upinde, kisha unaondolewa. Mgonjwa amefumba macho. Kwanza umemgusisha mkononi ili ajue anachosubiri. Usiuweke juu ya sugu, kwa sababu hapo hata mtu mwenye hisia kamili anaweza asihisi. Na kosa ninaloliona kila muhula: mwanafunzi anauliza "sasa unahisi? na sasa?" kwa mdundo uleule, mgonjwa naye anaitikia mdundo, si uzi. Nyamaza. Mwambie aseme "ndiyo" kila anapohisi, halafu mguse kwa nafasi zisizotabirika. Baada ya uzi kuna kile chuma chenye umbo la uma kinachotetema mara 128 kwa sekunde, kinachowekwa juu ya mfupa kwenye ncha ya kidole gumba.

Mapigo nayo yana mtego wake. Unayatafuta juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani. Usitumie dole gumba lako, kwa maana lenyewe lina mapigo, na wengi wameandika "yapo" wakihesabu ya kwao. Ukiwa na shaka, shika kifundo cha mkono cha mgonjwa kwa mkono wa pili: yakienda pamoja, ni ya kwake.

Kuna na uwiano wa shinikizo la damu la kifundo cha mguu kwa lile la mkono. Ukiwa chini ya 0.9 unaashiria ateri zilizosinyaa, na hilo wanafunzi hulikariri vizuri. Wanalosahau ni upande wa juu. Uwiano ukizidi 1.4 mwanafunzi hufurahi, akaandika kwamba damu inafika tele. Kumbe ateri zimekuwa ngumu, zimeota chokaa ukutani, mkanda wa kipimo unashindwa kuzibana. Mguu unaweza kuwa na njaa ya damu huku namba inacheka. Hapo hupimwa shinikizo la kidole, na husikilizwa sauti yenyewe ya Dopla, kile chombo kinachosikiza damu ikipita.

"Mguu unauma" ni maelezo ya kutosha

Lugha yetu ina neno moja, mguu, kwa kitu kinachoanzia nyongani hadi kwenye ukucha. Nyumbani halina tatizo. Kwenye faili, "mguu unauma" halimsaidii yeyote. Mwambie mgonjwa aoneshe kwa kidole kimoja. Kisha andika: kisigino, upande wa ndani, chini, hatua za kwanza asubuhi, hupungua akishatembea. Kwa maelezo hayo mwenzako atakayeshika faili wiki ijayo ameshaanza kufikiria ukano wa chini ya unyayo, kabla hata mgonjwa hajaketi.

Dhana ndogo ndogo zinazosumbua kliniki

Kucha nene ya njano si lazima iwe fangasi. Karibu nusu tu ya kucha zilizoharibika ndizo zenye fangasi. Nyingine ni za kugongwa na kiatu, za soriasisi (ugonjwa wa ngozi wenye magamba), au za umri. Chukua sampuli kabla ya kumwanzishia mtu vidonge vya miezi, na uichukue ndani, pale kucha mbovu inapokutana na nzima, si kwenye ncha iliyokufa.

Unyayo bapa wa mtoto si ugonjwa kwa kuwa tu ni bapa. Watoto huanza hivyo, na tao hujengeka katika miaka ya mwanzo ya kukua. Mwambie asimame kwa ncha za vidole: tao likijitokeza na kisigino kikageukia ndani, na haumwi, mzazi hahitaji kununua chochote. Unyayo mgumu usiobadilika, au wenye maumivu, ni habari nyingine.

Glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Unanawa kabla na baada. Mashine ya mvuke, ile ya kuua vijidudu kwenye vifaa, nayo haisafishi uchafu. Kifaa chenye mabaki kikiingia mle kitatoka na mabaki yaliyookwa, kwa hiyo kusugua kunatangulia, kisha nyuzi 134 kwa dakika 3, au 121 kwa dakika 15. Na vumbi la kucha, wapendwa, vaeni barakoa. Linaingia mapafuni na fangasi wake.

"Akisema anahisi, ganzi haijashika"

Hii nayo imewaogopesha wengi siku ya kwanza ya kutoa kucha iliyozama nyamani. Sindano imedungwa pande mbili za kidole, dakika zimepita, mgonjwa anasema, "Bado nahisi unanigusa." Mwanafunzi anavuta dozi nyingine. Lakini ganzi hunyamazisha maumivu kabla ya mguso na msukumo, na mgonjwa anaweza kuendelea kuhisi kuvutwa mpaka mwisho. Mweleze kabla: "Utahisi nakugusa na kukuvuta, ila usisikie makali. Ukisikia makali, niambie, nitasimama." Kisha jaribu kwa ncha kali, na uulize kama ni kali au ni butu.

Hesabu ya dozi ifanyike kwenye karatasi kabla ya kuvuta dawa. Lidokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita. Kikomo chake bila kuchanganywa na adrenalini ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito, na jumla isizidi 300. Mtu wa kilo 60 anafikia miligramu 270: mililita 27 za asilimia 1, lakini 13.5 tu za asilimia 2. Kidole kimoja huhitaji mililita chache, na kwa sababu hiyo watu huona hesabu haina maana. Ina maana siku mgonjwa ni mwembamba, ana kucha mbovu miguu yote miwili, na aliyeandaa trei amechukua chupa ya asilimia 2 badala ya 1.

"Ukijichoma, kaa kimya"

Hapa naandika kwa uchungu, kwa kuwa nimemwona mwenzangu akificha. Alijichoma na sindano iliyotumika, akafinya damu itoke, akafunga plasta, akaendelea. Aliogopa kuonekana mzembe.

Usifinye, usisugue. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, mara hiyohiyo, na umwambie msimamizi kabla mgonjwa hajaondoka, ili hatari ipimwe na vipimo vifanyike. Dawa za kinga dhidi ya VVU, PEP kama zinavyojulikana, huanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu zake. Mwenzangu alisema siku ya pili, usiku, baada ya kushindwa kula. Alipata dawa, na majibu yake yalikuwa mema. Zile siku mbili za kutembea kliniki akiwa na siri hiyo hazikuwa za lazima.

"Mgongo kuuma ni sehemu ya kazi"

Hapana. Kiti cha mgonjwa kina pedali. Kipandishe hadi mguu ufike usawa wa viwiko vyako, teremsha kiti chako mpaka nyayo zako zilale sakafuni, elekeza taa. Fanya hivyo kabla hajaingia, kisha mwombe avue viatu, na soksi zote mbili.