Sanduku la Fumbo la Mbao: Yanayosemwa Karakana na Yaliyo Kweli

Sanduku la fumbo halina kufuli, halina bawaba, wala halionyeshi pa kushika. Hufunguka kwa kusogeza vipande vyake kwa mpangilio mmoja tu: ubavu wa kwanza unashuka milimita chache na kuupa wa pili nafasi, wa pili ukisogea unauachia wa tatu, hivyo hivyo mpaka kifuniko kinapokuwa huru. Ukimpa mtu zawadi ndani ya sanduku la namna hii, umempa pete au barua iliyomo, na umempa pia jioni nzima ya kuitafuta. Kwa hiyo huniuma ninapoona kazi ya mkono iliyofanywa kwa mapenzi ikigoma kufunguka kwa sababu ya ushauri mbovu. Na ushauri mbovu kuhusu masanduku haya ni mwingi, hata hapa Dodoma tulipo na mafundi hodari.

"Vipande vikibana kabisa, ndiyo kazi safi." Hii naiweka mbele kwa sababu ndiyo yenye madhara makubwa. Fundi wa milango na makabati husifiwa kwa maungo yasiyopitisha hata wembe, na anastahili sifa hiyo. Lakini kipande kinachotakiwa kuteleza kinafuata sheria nyingine. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuurudisha. Ikinywa hutanuka kwa upana, ikikauka husinyaa. Kwa urefu karibu haibadiliki. Dodoma tuna mvua kati ya Desemba na Aprili, kisha inakuja miezi mirefu ya ukavu, jua na upepo. Mbao inayahisi majira hayo yote hata ikiwa ndani ya kabati.

Fanya hesabu. Chukua ubao wa paini, hizi mbao za Sao Hill kule Mufindi zinazouzwa kila mahali, wenye upana wa milimita 100. Kila unyevu ndani yake ukiongezeka kwa asilimia moja, ubao hutanuka kwa takribani robo ya asilimia ya upana wake. Unyevu ukipanda kwa asilimia nne, jambo la kawaida kabisa, upana umeongezeka milimita nzima. Kama kwenye mifereji, zile njia ambamo vipande huteleza, uliuachia nafasi ya unene wa karatasi, hauendi popote. Sasa fikiria sanduku hilo uliliunda Septemba, kisha likapanda treni ya SGR kwenda kwa dada yako Dar es Salaam. Lilipotoka Dodoma lilikuwa linateleza vizuri; baada ya wiki kadhaa za hewa ya bahari, limeshikamana, na dada anadhani hajui kulifungua.

Kwa hiyo nafasi ni sehemu ya ufundi. Ubao wa upana huo ukiukata wakati wa kiangazi, uachie milimita moja hadi moja na nusu kwa upana. Ukiukata Februari, nusu milimita inatosha, maana kuanzia hapo utapungua tu. Kwa unene, nafasi ndogo inatosha: karatasi tatu za kawaida za kuchapishia zikipangwa pamoja ni kama milimita 0.3, na hicho ni kipimo kizuri ambacho kila mtu anacho. Afadhali zaidi, tumia vitelezi vyembamba. Kipande cha upana wa milimita 20 kwa hesabu ile ile hutanuka milimita 0.2 tu. Na kitako cha sanduku usikigandishe kwa gundi pande zote. Kiache kikae huru ndani ya mfereji wake, kipumue. Kikigandishwa, kitapasuka chenyewe au kitaachanisha kona.

Wapo wanaodhani vanishi inamaliza tatizo hili. Haimalizi. Vanishi hupunguza mwendo wa unyevu kuingia na kutoka, haiuzuii. Tena ikipakwa kwenye sehemu zinazosuguana, joto likipanda hunata. Sehemu hizo zilainishe kwa msasa, kisha zisugue kwa nta ya nyuki na kitambaa kikavu. Nta tunayo: Manyoni na Itigi ni nchi ya asali, na kipande kidogo kinatosha masanduku mengi. Mafuta ya kupikia yasiguse hapo kabisa. Yanaoza na kugeuka ulimbo.

Kuhusu aina ya mbao, wengi hukimbilia mpingo kwa kuwa ni zawadi na zawadi iwe ya thamani. Mpingo ni mzuri mno, lakini ni mzito hata huzama majini, unakula makali ya patasi, na kwa mtu anayejifunza kukata mfereji ni mateso. Ningemshauri mninga. Mninga husinyaa na kutanuka kidogo sana kuliko mbao nyingi, unarandika vizuri, na rangi yake haihitaji kusaidiwa. Huhitaji kununua ubao mzima: kwa fundi wa vitanda na makochi omba vipande vilivyobaki, kwa sanduku la ukubwa wa kiganja vinatosha na kuzidi. Ukinunua ubao mzima, nunua kwa muuzaji mwenye vibali vya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, maana mninga ni mti wa msitu wa asili na umevunwa sana. Ziba pua na mdomo unapopiga msasa. Vumbi lake huwasumbua wenye pumu, na la mpingo pia. Mabaki ya paini nayo yasidharauliwe. Tengeneza la kwanza kwa paini, ujue hesabu zako zina kasoro wapi, ndipo uguse mninga.

Mashine si lazima. Msumeno wenye meno madogo, randa iliyonolewa, patasi moja nyembamba, skwea, msasa, gundi nyeupe na vibano viwili vinatosha. Mfereji unaweza kuupata bila kuuchimba: gandisha fito mbili juu ya ubao, kati yake kuna mfereji. Gundi nyeupe ikishika mbao kwa mbavu, ambako nyuzi zinakwenda sambamba, huwa na nguvu kuliko mbao yenyewe, hivyo msumari hauongezi kitu pale. Inapokuwa dhaifu ni kwenye ncha zilizokatwa. Ifute ingali mbichi. Tone moja likikauka ndani ya mfereji, sanduku limekufa.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya Wajapani, sisi yametufikia jana. Ni kweli masanduku maarufu zaidi yanatoka Hakone, Japani, ambako mafundi wamekuwa wakiyaunda tangu karne ya 19 na kuyapamba kwa vipande vya mbao za rangi mbalimbali. Lakini masanduku ya kale ya pwani yetu, yale yenye misumari ya shaba, mengi yana droo za siri. Kuficha kitu ndani ya mbao si ugeni kwetu.

Halafu hili la hatua nyingi. Hakone kuna masanduku ya hatua nne na kuna ya makumi ya hatua, na watu hudhani wingi ndio uzuri. Si hivyo. Hatua ishirini za kusogeza kushoto na kulia zinachosha. Hatua tano ambazo moja wapo haikutegemewa zinafurahisha. Hata katika vitendawili, aliyeshindwa hutoa mji akapewa jibu, na mchezo unaendelea. Zawadi nayo iwe na mji wake: andika mpangilio wa kufungua kwenye karatasi, ifunge kwenye bahasha, mkabidhi mtu wa tatu.

Ukipenda kufuli la ndani, yaani kipini kinachoanguka sanduku likiinamishwa, kumbuka vumbi la Dodoma. Kipini hicho kikikaa kwenye tundu la kubana, chembe chache zinakikwamisha. Toboa tundu pana kuliko kipini kwa milimita moja, na tumia shaba ya njano badala ya msumari wa chuma, hasa kama sanduku litaishi pwani, kwenye kutu.

Na lisiuzwe wala kutolewa kama kasha la kuwekea fedha. Mwizi hafumbui fumbo, analipasua kwa patasi. Mwenyewe, kwa upande mwingine, lazima awe na njia ya kuliokoa likikwama bila kulivunja. Kwa hiyo, badala ya kukiweka kitako ndani ya mfereji, unaweza kukifunga kwa skrubu nne ndogo, matundu yake yawe makubwa kidogo kuliko skrubu ili mbao iendelee kusogea, kisha zifunike kwa kipande cha kitambaa kizito kilichobandikwa pembeni tu. Siku likigoma, anafunua kitambaa, anafungua skrubu, anatoa kilichokwama, anakirandia kidogo na kukirudisha.