Kabla ya kusema maadili yameporomoka

Kila ninapopata darasa jipya la sosholojia, yaani elimu ya jamii, huwa naanza na swali moja: kwa nini wizi, talaka, ulevi au rushwa huzidi mahali fulani na kupungua kwingine? Jibu la kwanza nalijua kabla halijatamkwa. "Ni mmomonyoko wa maadili, Mwalimu." Darasa zima hutikisa kichwa kukubali, na wengine hufunga daftari.

Jibu hilo naliheshimu, maana anayelitoa huwa ameumia kweli kwa anayoyaona. Lakini si maelezo. Muulize amejuaje kwamba maadili yamemomonyoka, atakwambia: si unaona watu wanavyoiba? Muulize basi kwa nini wanaiba, atakwambia maadili yamemomonyoka. Tumeuzunguka mbuyu tukarudi palepale. Udongo haumomonyoki wenyewe. Kuna miti iliyokatwa, kuna mteremko, kuna mvua iliyonyesha. Sosholojia ni kazi ya kwenda kuutazama mteremko huo.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili chetu cha kila siku kimetia mambo mawili katika kapu moja la "maadili". Kuna tunu, yaani yale ambayo watu wanayaona ni mema na yanastahili kutafutwa: uhuru, heshima, elimu, uaminifu, mali. Halafu kuna kaida, yaani matarajio juu ya mwenendo: usifungue barua ya mwenzako, usikatize foleni, mpishe mgonjwa akae. Tunu inaweza kubaki imara kabisa huku kaida zake zikibadilika mpaka wazee wasizitambue. Mtoto anayehoji uamuzi wa baba yake huenda anamheshimu sawasawa na yule wa zamani aliyenyamaza. Kilichobadilika ni namna heshima inavyoonyeshwa. Nusu ya magomvi ya vizazi ninayoyasikia yanatokana na kuchanganya hivi viwili.

Tena kuna lile watu wanalosema na lile wanalotenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Richard LaPiere, mwanasosholojia wa Marekani, alisafiri nchini mwake akiwa na mwanafunzi kijana wa Kichina na mke wa kijana huyo, wakati ambapo ubaguzi dhidi ya Wachina haukufichwa. Walifika katika hoteli, mikahawa na nyumba za kulala wageni 251. Walikataliwa mahali pamoja tu. Baadaye LaPiere aliwaandikia wenye sehemu hizo akiwauliza kama wangempokea mgeni wa Kichina. Kati ya waliojibu, zaidi ya asilimia 90 walisema hapana. Matokeo hayo yalichapishwa 1934, na kila mwaka nayasoma darasani kwa sababu yanavunja dhana yetu ya kawaida. Tumezoea kuamini kwamba watu husema mazuri na kutenda mabaya. Hapa waliandika mabaya na kutenda yaliyo afadhali, kwa sababu mbele yao alisimama mtu mwenye adabu, mwenye begi mkononi, na kumfukuza kuna gharama yake. Hali ilikuwa na nguvu kuliko msimamo.

Tunu hutoka wapi? Maelezo ninayoyaona yana uzito mkubwa ni ya Ronald Inglehart, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, aliyeyapanua katika kitabu chake cha 1977. Yana nguzo mbili. Ya kwanza, mtu hukithamini zaidi kilicho adimu kwake. Ya pili, tunu za msingi hujengeka utotoni na ujanani, kisha hazibanduki kwa urahisi. Ziunganishe uone zinachozaa: kizazi kilichokulia katika njaa na vita hushikilia chakula, utulivu na mamlaka maisha yake yote, hata kikija kushiba; wajukuu wake, ambao shibe ni kitu cha kawaida kwao, hudai uhuru wa kujieleza, usawa na mazingira safi. Kila upande unamwona mwenzake amepotoka. Utafiti wa kimataifa wa tunu ulioanza 1981, na ambao umerudiwa mara kadhaa katika nchi nyingi, unaonyesha kwamba mabadiliko ya aina hii huja zaidi kwa vizazi kupokezana kuliko kwa watu wazima kugeuza mawazo. Ndiyo maana huja polepole, kisha ghafla yakaonekana kila mahali.

Sasa turudi kwa mwizi wetu. Mwanasosholojia Robert Merton, mtoto wa wahamiaji maskini wa Philadelphia, aliandika makala mwaka 1938 ambayo kwangu ni miongoni mwa kurasa bora zaidi katika fani hii. Hoja yake ni hii: jamii huwafundisha watu wake shabaha, na pia huwaonyesha njia halali za kuifikia. Je, itakuwaje jamii ikiihubiri shabaha ileile kwa wote, tuseme mafanikio ya fedha, huku milango halali ya kuifikia ikiwa wazi kwa wachache? Wengi watavumilia na kufuata kanuni. Baadhi watabaki na kanuni baada ya kuiacha ndoto, kama karani anayetimiza kila fomu bila kutarajia chochote. Baadhi watavitupa vyote viwili na kujitenga na jamii, au watavipinga vyote na kutaka vingine. Na wapo watakaoshika shabaha na kubuni njia yao. Huyu wa mwisho ndiye tunayemwita mhalifu, na ukimtazama vizuri, hajapoteza tunu ya jamii yake. Ameimeza nzima nzima. Amefundishwa kwamba mtu ni mali, naye akaamini.

Ninaposema hivi darasani kimya huingia. Najua kwa nini. Ni rahisi kumwona mwizi kama mgeni aliyetoka nje ya maadili yetu kuliko kumwona kama mwanafunzi wetu hodari.

Katika matatizo ya jamii kuna maswali mawili, na la pili watu wengi hawajawahi kulisikia. Swali la kwanza ni la mwanasosholojia wa Marekani C. Wright Mills, aliyetenganisha mwaka 1959 shida ya mtu binafsi na suala la umma. Katika mji wa watu 100,000, alisema, mtu mmoja akikosa kazi, tazama tabia yake, ujuzi wake na nafasi alizonazo. Lakini katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, huwezi kupata jibu kwa kuchunguza tabia ya mmoja mmoja. Muundo wenyewe wa nafasi umeanguka. Mtu aliyefukuzwa kazi mwaka ambao viwanda vinafungwa, kisha akakaa nyumbani akijiona mzembe, anahitaji kulisikia hilo kama mgonjwa anavyohitaji dawa.

Swali la pili: kwa nini mateso fulani huitwa tatizo na mengine huachwa yakaitwa maisha? Watoto wamepigwa na wazazi wao karne na karne. Daktari John Caffey, bingwa wa kusoma picha za eksirei, aliandika mwaka 1946 kuhusu watoto wachanga waliokuwa na damu iliyovuja ndani ya fuvu pamoja na mifupa iliyovunjika, bila maelezo ya kueleweka. Mwaka 1962 daktari wa watoto Henry Kempe na wenzake walilipatia jambo hilo jina la kitabibu, na kufikia 1967 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria za kuripoti watoto wanaoteswa. Mwanasosholojia Stephen Pfohl aliuliza mwaka 1977 kwa nini waliolivalia njuga walikuwa wasomaji wa picha, wala si madaktari wa familia waliowaona watoto hao ana kwa ana. Alijibu kwamba daktari wa familia alikuwa na mengi ya kupoteza: mteja wake alikuwa mzazi, alifungwa na siri za mgonjwa, na hakutaka kuamini kwamba mtu anayemfahamu anaweza kumvunja mwanawe mkono. Msomaji wa picha hakukutana na mzazi. Aliuona mfupa tu. Tena fani yake, iliyokuwa na hadhi ndogo hospitalini, ilipata heshima kwa ugunduzi huo.

Mfano huu haumaanishi kwamba mateso ya wale watoto yalibuniwa. Yalikuwa ya kweli, na ndiyo sababu yanatuuma. Unaonyesha kwamba mateso peke yake hayatoshi kuwa tatizo la jamii. Lazima apatikane mtu wa kulipatia jina, jukwaa la kulisemea, na kundi ambalo halitaumia likisemwa. Mara nyingi najiuliza ni mifupa gani iliyovunjika leo ambayo hakuna fani yenye sababu ya kuitazama.

Kuhusu mabadiliko ya jamii nitapita upesi, kwa kuwa nimekwisha kuyagusa. Mwanasosholojia William Ogburn alieleza mwaka 1922 kwamba sehemu za utamaduni haziendi kwa mwendo mmoja: vyombo hutangulia, sheria na desturi hufuata zikihema. Mfano wake ni wa viwanda vya Marekani, ambako mashine zilikuwa zikijeruhi wafanyakazi kwa wingi tangu miaka ya 1870, lakini sheria za fidia zikaja karibu miaka 40 baadaye. Miaka hiyo yote, aliyekatwa mkono aliambiwa alikuwa mzembe.

Ila kabla ya hao wote yupo mwanahistoria Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliyeandika mwaka 1377. Aliona kwamba makundi ya nyikani, yanayoishi kwa kutegemeana, huwa na asabia, yaani mshikamano unaomfanya mtu awe tayari kumfia mwenzake. Kwa mshikamano huo huuteka mji na kusimamisha dola. Kisha wajukuu huzaliwa katika kasri, askari wanakodishwa, kodi zinapanda, na kila mmoja anamtegemea mlipaji badala ya ndugu. Aliukadiria umri wa dola kuwa vizazi vitatu vya miaka 40. Hesabu hiyo sitaitetea, lakini njia yake ya kufikiri naipenda sana. Hata anaposikitikia anasa, anaonyesha ni maisha gani yalikuwa yakiulisha mshikamano, na siku gani yalikoma kuulisha.

Hapo ndipo dini inapoingia, kwa sababu wanaolalamikia maadili karibu wote humalizia kwa kusema watu wamemwacha Mungu. Mwanasosholojia hana chombo cha kupima kama Mungu yupo, na anayejidai anacho ameiacha kazi yake. Anachoweza kuchunguza ni watu wanafanya nini wanapoabudu, na kufanya huko kunawafanya wawe akina nani. Karl Marx, mwanafalsafa wa Kijerumani, alisema 1844 kwamba dini ni kasumba, yaani afyuni, ya umma, na wanaomnukuu wengi huiacha sentensi iliyotangulia, ambamo aliiita pumzi ya kiumbe anayeonewa na moyo wa dunia isiyo na moyo. Mwanasosholojia wa Kijerumani Max Weber, katika makala za 1904 na 1905, aligeuza mkondo: alionyesha jinsi Wakalvini, yaani Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Kalvini, wakiteswa na shaka kama Mungu amewachagua au la, walivyotafuta dalili katika kazi isiyo na anasa, na faida iliyobaki ikarudishwa katika biashara. Imani iliyohofia ahera ikasaidia kujenga uchumi wa dunia hii.

Lakini ninayemrudia ni mwanasosholojia wa Kifaransa Émile Durkheim, mwana wa rabi, na kitabu chake cha 1912. Alisema dini zote hutenga vitu vitakatifu na vya kawaida, na utakatifu haukai ndani ya kitu chenyewe. Huwekwa na watu wanapokutana, wakaimba pamoja, wakasogea pamoja, wakachemka pamoja mpaka kila mmoja ahisi nguvu inayomzidi. Alikosea kwa kuamini kwamba nguvu hiyo ni jamii tu na hakuna zaidi. Hilo halithibitiki kwa njia zake. Kuhusu mchemko hakukosea. Aliyewahi kusimama katikati ya umati unaosali kwa sauti moja anajua, hata kama hasali.

Je, dini inakufa? Mwanasosholojia Peter Berger alikuwa miongoni mwa waliotazamia ipungue kadiri usasa unavyoenea, na mwaka 1999 akaandika waziwazi kwamba walikosea. Mwaka 2004 mwanasayansi wa siasa Pippa Norris na Inglehart walipendekeza maelezo mengine: dini huwa na nguvu mahali ambapo maisha hayana uhakika, na hulegea mahali ambapo ugonjwa, uzee na kukosa kazi havimtupi mtu shimoni. Marekani inasumbua nadharia hiyo, kwa kuwa ni tajiri na bado ina waumini wengi kuliko mataifa mengi tajiri. Wao hujibu kwamba utajiri wake una mapengo makubwa na kinga ndogo kwa mnyonge. Wanasosholojia Roger Finke na Rodney Stark hujibu tofauti kabisa: tangu katiba ilipozuia dini ya serikali mwaka 1791, makanisa yamelazimika kuwafuata watu mlangoni, na ushindani huo umeyaweka hai.

Mimi naegemea hoja ya usalama wa maisha, ila inaniachia pengo. Haielezi watu wawili wa mtaa mmoja, wenye mshahara mmoja na hofu zilezile, mmoja huenda ibadani na mwingine haendi. Hapo huiweka pembeni takwimu na kumwomba kila mmoja anisimulie: ni nani aliyemshika mkono mara ya kwanza akampeleka, na walipofika, ni nani aliyekuwa akiwasubiri.