Chuo cha optometria hakichaguliwi kwa kuhesabu mashine

Kila msimu wa udahili wa optometria, taaluma ya kupima macho na kuandika miwani, swali ni lile lile, na linakuja na jibu lake tumboni: "Chuo kile ni ghali, lakini wana mashine zote. Si bora nikalipe huko?" Mara nyingi jibu ni hapana. Mashine ni kitu cha mwisho kukitazama, na kosa la kuzitanguliza linamgharimu mzazi mamilioni leo, kisha mgonjwa anakuja kulilipia kesho.

Tuchukue vyuo viwili vya shahada. Cha kwanza kimeegemea hospitali ya rufaa: ada nafuu, slitilampu (darubini za kutazamia jicho kwa mwanga) za zamani, retinoskopu (tochi ya mkononi ya kupimia nguvu ya miwani) kila mwanafunzi anajinunulia. Cha pili kina kliniki yake mjini: ada zaidi ya mara mbili, kuna OCT (mashine inayopiga picha za tabaka za nyuma ya jicho), kamera ya retina na autorefrakta kila chumba. Uwe unalinganisha KCMC ya Moshi na Masinde Muliro ya Kakamega, au Makerere na chuo cha India, maswali ya kuuliza ni haya haya.

Nianze na autorefrakta, mashine inayokadiria nguvu ya miwani yenyewe, hiyo "kompyuta" ambayo watu wanaifuata mpaka mji wa pili. Kwa mtu mzima wa miaka 35 mwenye lenzi safi, inakupa pa kuanzia, tena pazuri. Sasa mkalishe mtoto wa miaka 8. Anachungulia picha ndani ya mashine, jicho linakaza kana kwamba anatazama kitu cha karibu, na karatasi inatoka imeandikwa -0.75, yaani minasi, lenzi ya asiyeona mbali, kwa mtoto ambaye kweli yake ni +2.00, yaani plasi. Mwanafunzi aliyelelewa na karatasi hiyo anamwandikia minasi. Na mtoto atakubali! Atasema herufi zimekuwa nyeusi zaidi, kwa sababu jicho changa lina nguvu ya kukaza na kufidia. Kichwa kitaanza kumuuma akiwa darasani, na hapo hakuna atakayekumbuka kuilaumu miwani.

Dawa yake ni matone ya saiklopentoleti asilimia 1, yanayolegeza jicho lisikaze, kusubiri dakika 30 hadi 40, kisha retinoskopu mkononi. Ukifanya kazi kwa sentimita 67 kutoka kwenye jicho unatoa 1.50 kwenye jibu, kwa sentimita 50 unatoa 2.00. Hilo lipo kwenye kila kitabu. Ambalo halipo ni kwamba mwanafunzi akichoka anainama mbele bila kujijua, anafika sentimita 50 huku bado anatoa 1.50, na kila mgonjwa wa mchana huo anabaki na plasi ya ziada ya nusu diopta, kipimo cha nguvu ya lenzi. Mhadhara hauliondoi kosa hilo. Linaondolewa na msimamizi aliyesimama nyuma yako na uzi uliopimwa, anayekurudisha kwenye umbali wako mara ya kwanza, ya kumi na ya hamsini.

Nikiri pia kwamba retinoskopu si msahafu. Mtoto wa jicho akikaa katikati ya lenzi, mwanga unavunjika. Konea, kioo cha mbele cha jicho, ikiwa imechongoka, unafunguka na kufunga kama mkasi. Wapimaji wawili wazoefu wanaweza kutofautiana kwa nusu diopta kwenye jicho moja. Na idadi ya wagonjwa inayotosha kuukomaza mkono haifanani kwa wote. Nimefikiria sana kama inafaa kuweka namba moja, na sithubutu.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa chuo chochote ni hili: mwanafunzi mmoja anafanya vipimo kamili vingapi, chini ya msimamizi, mpaka amalize? Piga hesabu mwenyewe. Kliniki kubwa inapokea wagonjwa 60 kwa siku, wanafunzi ni 40: mgonjwa mmoja na nusu kwa kila mmoja. Kliniki ndogo inapokea 24, wanafunzi 8: watatu kwa kila mmoja. Siku tatu kwa wiki, wiki 30, wa kliniki kubwa anamaliza na 135, wa kliniki ndogo na 270. Chuo chenye jina kimekupa nusu.

Na hapa ndipo wengi wanadanganyika: kitabu cha kumbukumbu kinachojazwa kwa uchunguzi wa shuleni. Kuwasomesha watoto 300 mstari wa 6/12 wa ubao wa herufi asubuhi moja ni kazi njema kwa watoto hao. Kwako si kipimo kamili. Hukuchukua historia, hukushika retinoskopu, hukufunika jicho kutafuta makengeza, hukuona nyuma ya jicho, hukuamua chochote. Chuo kikikwambia wanafunzi wake wanaona "maelfu ya wagonjwa", omba namba mbili tofauti: ya vipimo kamili na ya uchunguzi wa shuleni. Wakishindwa kuzitenganisha, usihesabu hata mmoja wa maelfu hayo.

Halafu uliza ni wagonjwa gani. Hospitali ya rufaa inakupa glakoma, yaani presha ya macho, iliyokomaa, retina ya kisukari, makovu ya trakoma, mambo ambayo mwenzako wa kliniki ya mjini anayaona kwenye slaidi. Lakini mzee mwenye mtoto wa jicho aliyeiva hapimiki miwani, anakwenda upasuaji. Unaweza kukaa huko miezi na usikutane na mtoto mwenye +4.00 na jicho linaloingia ndani. Nani anakujazia pengo hilo, na kwa wiki ngapi? Chuo kizuri kina jibu lenye jina la kituo na tarehe za mzunguko.

Karakana ya miwani nayo wazazi hawaiulizii kabisa. Lenzi ya -5.00 ikikaa milimita 2 juu kuliko mwenzake, umempa mtu prizmu 1 ya wima, yaani picha ya jicho moja imesogea juu au chini, na macho hayavumilii wima kama yanavyovumilia ulalo. Asiyewahi kukata lenzi na kuikagua kwenye lenzomita, mashine ya kupimia lenzi, atayajua haya kwa mteja anayerudisha miwani akisema inampa kizunguzungu.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Ada si gharama. Ongeza retinoskopu, ofthalmoskopu na lenzi ya 90D za kutazamia nyuma ya jicho, chumba, nauli za kwenda vituoni, na mwaka wa kurudia. Uliza wangapi walianza na wangapi walimaliza kwa muda. Ukienda nje kwa kujilipia usiupigie hesabu mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya Tanzania, na kabla hujatuma senti peleka jina la chuo na la shahada TCU (tume ya vyuo vikuu) na Baraza la Optometria.

India inafundisha vizuri, na mwaka wa nne ni wa mazoezi hospitalini. Ila mgonjwa wa Chennai anazungumza Kitamili, na historia utaichukua kupitia mtu mwingine. Wetu anakuja na "macho yananiuma", akimaanisha yanawasha, au yanachoma, au kichwa ndicho kinachouma. Anakuja na "presha ya macho" akidhani ni ile ya damu. Kuyachambua hayo ni ufundi, na unajifunzwa kwenye benchi la wagonjwa hao hao.

Ghali inafaa lini? Ikiwa ziada ya ada inanunua msimamizi mmoja kwa wanafunzi wanne badala ya kumi na wawili, lipa ukiweza. OCT ni msaada mkubwa kwenye glakoma changa, sibishi, lakini kwa mtu anayejua kwanza kuisoma diski, kichwa cha mshipa wa fahamu nyuma ya jicho, kwa macho yake.

Nenda siku ya kliniki, saa tatu asubuhi, ukae kwenye benchi. Tazama nani ameshika retinoskopu, mwanafunzi au mwalimu. Kisha omba kuona sanduku la lenzi za kupimia. Kama silinda, lenzi za jicho lisilo duara sawasawa, zina vumbi, zipo tu sandukuni. Hakuna anayepima nazo.