Je, wajua kwa nini ndege hukawia kwenda New York kuliko kurudi Nairobi?

Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba ilitaja takribani saa 15 kwenda na 14 kurudi. Umbali ni uleule, kama kilomita 11,800, na ndege ni ileile, Boeing 787. Saa moja hupotelea wapi?

Mimi nilidhani najua. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ndege inayokwenda magharibi ingepaswa kuwahi, maana New York yenyewe inakuja kuipokea. Ratiba iliponikana, nikageuza hadithi: basi dunia huivuta ndege nyuma. Nayo si kweli.

Ukiwa kwenye treni ya Mombasa, rusha shilingi juu. Itarudi kiganjani, haitamwangukia abiria wa nyuma, kwa sababu ilikuwa ikisafiri na treni kabla hujairusha. Vivyo hivyo, ndege iliyoegeshwa JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, tayari inakwenda mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, pamoja na lami, mnara na mizigo, na ikipaa haiachi mwendo huo chini. Utasema treni ina kuta, hewa imefungiwa ndani. Hewa ya nje nayo huzunguka na dunia. Isingekuwa hivyo, Nairobi ingepigwa na upepo wa kasi hiyo usiku na mchana, na hakuna bati ambalo lingebaki juu ya paa.

Mhusika ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, mbali na ikweta, hupita mikondo myembamba ya upepo unaovuma kuelekea mashariki, mara nyingi kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Ni mto wa hewa. Mwenye mtumbwi hupiga kasia kwa nguvu ileile, lakini akipanda mto miti ya ukingoni humpita polepole, na akishuka humpita mbio. Ndege ya kilomita 900 kwa saa ikipingwa na upepo wa wastani wa 30 tu, kisha ikasukumwa na huohuo wakati wa kurudi, tofauti ni dakika 53.

Wastani huo ni mfano wangu. Upande wa Nairobi upepo wa juu huwa dhaifu, marubani hukwepa mkondo wanapoweza, na saa za ratiba huhesabu hata foleni ya kuruka.

Dunia nayo haijatoka kwenye kesi. Mzunguko wake ndio unaoipinda hewa inayotoka tropiki kwenda kaskazini, ikaishia kuvuma mashariki. Kwa hiyo sikukosea kabisa, nilikosea njia.

Februari 2020, dhoruba Ciara ikielekea Uingereza, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Kwa aliyeko ardhini ilizidi kilomita 1,200 kwa saa. Kwa hewa iliyoizunguka, ilikuwa kwenye mwendo wake wa kila siku.