Visita Iglesia ni nini? Hija ya makanisa saba ya Wafilipino

Jioni ya Alhamisi Kuu jijini Manila, familia nzima, bibi mpaka wajukuu, hutoka kanisani baada ya Misa na kupanda jeepney, daladala ya huko. Hushuka kwenye kanisa jingine, hupiga magoti kwa dakika chache, kisha hao wanaondoka kwenda la tatu. Mgeni anaweza kudhani wanatafuta kanisa lenye nafasi ya kukaa. Kumbe wako hijani, na hija hiyo inaitwa Visita Iglesia.

Maneno yenyewe ni ya Kihispania: visita ni kutembelea, iglesia ni kanisa. (Usichanganye na Iglesia ni Cristo, dhehebu lililosajiliwa Ufilipino mwaka 1914. Hilo si la Kikatoliki na halihusiki na hija hii.) Maana yake ni kutembelea makanisa saba katika Juma Kuu, na wakati wake hasa ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa Kuu. Wenye miguu migumu hufikisha 14. Kanisa Katoliki halimlazimishi mtu kuifanya. Ni ibada ya waamini wenyewe.

Kwa nini saba? Jibu la kwanza liko Roma. Katika karne ya 16, Mtakatifu Filipo Neri alikuwa akiwaongoza watu kwa miguu kuzunguka makanisa saba makubwa ya mji huo, kuanzia la Mtakatifu Petro. Wahispania nao waliingia Ufilipino na desturi zao za Kikatoliki; watawa wa Mtakatifu Augustino walifika mwaka 1565 pamoja na Legazpi, kiongozi wa msafara wa Wahispania. Jibu la pili liko kwenye Injili, na binafsi ndilo linalonigusa. Hesabu mahali alipopitishwa Yesu tangu usiku ule: bustani ya Gethsemane, kwa Anasi, kwa Kayafa, kwa Pilato, kwa Herode, akarudishwa kwa Pilato, kisha Golgota. Ni saba. Anayetoka kanisa hadi kanisa anamfuata mtu aliyeburutwa mlango hadi mlango mpaka kukacha.

Lakini anamfuata kwa kufanya nini? Baada ya Misa ya Karamu ya Bwana, Ekaristi Takatifu huhamishwa kutoka altare kuu, ambayo huachwa tupu bila vitambaa, na kupelekwa kwenye altare ya pembeni iliyopambwa kwa maua na mishumaa. Wafilipino huiita monumento. Mkatoliki wa Dar es Salaam au Nairobi anaijua vizuri: ndipo jumuiya ndogo ndogo zinapopokezana zamu za kuabudu, saa kwa saa, mpaka saa sita usiku. Tofauti ni kwamba sisi tunakesha parokiani kwetu, wao wanakesha huku wakitembea. Swali la Yesu kwa Petro, kama hawakuweza kukesha naye hata saa moja, wanalijibu kwa miguu.

Siku hizi wengi wameingiza ndani ya safari hiyo Njia ya Msalaba, sala inayofuata mateso ya Yesu kituo kwa kituo. Vituo ni 14, makanisa ni saba, kwa hiyo kila kanisa vituo viwili. Ukienda makanisa 14, kituo kimoja kimoja. Ni hesabu nzuri, ingawa naona imepunguza ule ukimya wa mbele ya monumento, maana watu husoma sala mbili, wakapiga picha, wakaondoka. Wanaochagua kwenda Ijumaa Kuu mchana ndio wasio na njia nyingine. Siku hiyo monumento imekwisha na tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, iko wazi, haina kitu, hivyo iliyobaki ni Njia ya Msalaba tu.

Zamani mtu wa Manila hakuhitaji gari. Ndani ya Intramuros, mji wa kale uliozungushiwa kuta za mawe, makanisa yalikuwa yamekaribiana kiasi kwamba saba ulimaliza kwa miguu. Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoivuruga njia hiyo. Katika mapigano ya mwaka 1945 mji huo uligeuka kifusi, na kanisa lililobaki limesimama ni San Agustin, lililokamilika mwaka 1607. Kanisa Kuu la jimbo lilijengwa upya na kufunguliwa 1958. Santo Domingo halikurudi kabisa. Wadominiko walilihamishia Quezon City, kanisa jipya likafunguliwa 1954. Ndiyo maana leo hija ina jeepney, foleni na watoto waliolala kwenye viti vya nyuma.

Matetemeko ya ardhi nayo yameacha alama kwenye majengo haya. Kanisa la Paoay, huko Ilocos Norte, limeegemezwa ubavuni na nyuma na nguzo nene mno za mawe ya matumbawe na matofali, na mnara wake wa kengele umejengwa kando, ili ukianguka usiliangukie kanisa. San Sebastian la Manila lilichoka kubomolewa: baada ya majengo yaliyotangulia kuharibiwa na moto na matetemeko, likajengwa la chuma kitupu. Vipande viliundwa Ubelgiji, vikaletwa kwa meli, kanisa likakamilika 1891. Sasa adui wake ni kutu. Bohol, tetemeko la Oktoba 2013 liliangusha makanisa ya Loon na Maribojoc. Kwa mahujaji wa kisiwa hicho, makanisa ya kutembelea yakawa mengine ghafla.

Watu huuliza kama makanisa mapya yanahesabiwa. Yanahesabiwa. Hakuna orodha rasmi wala mpangilio wa lazima. Kila familia hupanga njia yake, na wengi huchanganya la kale na la juzi. Linalopendwa miongoni mwa hayo ya kisasa ni Kanisa la Sadaka Takatifu katika Chuo Kikuu cha Ufilipino, Diliman, la mwaka 1955. Mchoraji wa jengo, Leandro Locsin, alilifanya la duara, chini ya kuba moja la zege, altare katikati, hivyo waamini hutazamana wakiwa wanasali. Ukutani pana Njia ya Msalaba iliyochorwa na Vicente Manansala, na anayefika hapo na hesabu yake ya viwili viwili hukuta imemwishia njiani, kwa sababu baada ya kituo cha 14, Yesu kuwekwa kaburini, Manansala ameongeza cha 15: Ufufuko.